Mama Pijo wa Njombe

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Popote mlipo, dukani mnasubiri wateja au shambani mmetundika redio kwenye tawi la mparachichi, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa kwetu Njombe. Jina lake ni Esnath Mlowe. Wengi wenu jina hilo hamlijui. Lakini nikisema Mama Pijo, najua kuna watu wameshaanza kutabasamu.

Ndiye huyo huyo. Yule mama wa kilemba cheupe aliyekuwa akiendesha Pijo 404 ya rangi ya maziwa, mumewe amekaa kushoto ametulia kama mheshimiwa anayepelekwa bungeni. Kwa vijana wetu, Pijo 404 ni gari la zamani sana. Lilikuwa barabarani kabla baba zenu hawajaota ndevu. Mama Esnath aliliendesha mpaka Dodoma, mpaka Morogoro, mpaka Arusha, kwenye mikutano ya taifa ya wenye magari ya kale. Alianza kujifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na nane. Ametutoka mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na saba. Narudia, alianza kujifunza akiwa na miaka hamsini na nane. Hapo ndipo palipo na hadithi yetu.

Esnath alizaliwa karibu na Ilembula, kwenye familia ya wakulima. Baba alilima mahindi na alizeti. Mama aliimba kwaya ya kanisa la Kilutheri, na mtoto naye akaingia kwaya akiwa bado anaburuta sketi. Sauti yake ilikuwa ya pili, ile nzito ya chini. Binti yake, Anneth, ambaye ni mwalimu hapa Njombe mjini, anasema mama yake hakuwahi kunong'ona maishani. "Hata akisema siri," anasema Anneth, "majirani walikuwa wanaitikia."

Shikeni hilo, kwamba mama huyu hakuwa mtu wa siri. Ndiyo maana siri aliyokuja kuitunza ilimgharimu usingizi.

Aliolewa na Anania Mgaya, dereva wa lori la majani ya chai. Anania alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Ndiyo, dereva wa lori mwenye kucha safi. Wakajenga Kibena, wakapata watoto. Esnath akawa anauza viazi na njegere. Mwaka themanini na sita, daktari mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao na hakutaka kuondoka na gari lake. Anania akalinunua. Mama Esnath alipenda kuisimulia siku hiyo. "Mimi nilikuwa nasubiri mabati," alisema, "nikasikia honi."

Siku hiyo hiyo, mbele ya majirani waliokuja kulishangaa gari, Anania akatamka neno. Alisema, "Usukani huu hautashikwa na mkono mwingine." Mkewe akamjibu pale pale, "Na mwiko wangu haushikwi na mkono mwingine, lakini wewe unakula." Watu wakacheka. Anania akacheka pia. Lakini neno akawa amelisema, na watu wa kwetu mnatujua. Mwanaume akishatamka mbele ya majirani, hata akijuta usiku, asubuhi anaamka nalo.

Basi Pijo ikawa mtoto wa nyumba. Jumamosi inaoshwa. Ikinyesha mvua ya mawe, inafunikwa mablanketi, na watoto wanajifunika makoti. Anania akatafuta vipuri Iringa, akatafuta Mbeya, akapata marafiki wenye ugonjwa kama wake. Mmoja ana Foksi ya mgongo wa kobe, mwingine ana Landrova ya babu yake. Marafiki hao ndio waliomwingiza kwenye chama cha taifa cha wapenzi wa magari ya kale. Kila mwaka wanakutana mji mmoja. Magari yanapangwa uwanjani, maboneti yanafunguliwa, watu wanazunguka wanainama na kuguna. Sharti lao ni kwamba gari lije kwa magurudumu yake, si juu ya lori. Na siku ya maandamano, mwenye gari awe usukanini. Anania alikwenda kila mwaka. Esnath alibaki nyumbani, anapalilia viazi na kuliombea gari.

Hapa Njombe sasa, Pijo ilikuwa na kazi nyingine. Ilibeba maharusi. Usharika mzima, msichana asiyepelekwa kanisani na Pijo ya Baba Anneth alijiona kama ameolewa nusu. Matarumbeta mbele, Pijo nyuma, akina mama pembeni na vigelegele.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ilikuwa mwezi wa sita, harusi ya msichana anaitwa Yunis. Ukungu ule wetu mnaujua, ule unaoingia mpaka kwenye sufuria. Matarumbeta yanatembea, Pijo inafuata polepole. Walipofika lango la kanisa matarumbeta yakasimama. Pijo haikusimama. Bampa likamgusa mpulizaji wa lile tarumbeta kubwa, akakaa juu ya boneti, na kwa kuwa ni fundi wa kazi yake, akaendelea kupuliza. Watu walicheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja. Anania akatoa kichwa dirishani akasema, "Ukungu huu, jamani." Kila mtu akakubali. Njombe mwezi wa sita, nani atabishana na ukungu?

Mama Esnath alikuwa pembeni na wenzake. Kigelegele kilimkatikia kooni. Alimwona yule mpulizaji kabla hajaguswa. Alimwona vizuri kabisa, na yeye alikuwa mbali kuliko mumewe.

Ikafika mwezi wa kumi. Wakaenda Makambako, kwenye mazishi ya ndugu pale Lyamkena. Mnaijua Makambako mwezi wa kumi. Jua kali, upepo unabeba vumbi na kofia za watu, mbingu nyeupe huna pa kuficha uso. Wanaingia mjini saa sita mchana, Anania akanyoosha mkono, akawasha taa za gari. Akasema, "Ukungu wa Njombe leo umetusindikiza mpaka huku."

Mama Esnath akatazama nje. Aliona malori kule mbali kwenye barabara kuu, moja moja. Akasema, "Kweli." Akasema neno hilo moja tu, yeye asiyejua kunong'ona.

Fikirini, wasikilizaji wapendwa. Mtu wa Dar es Salaam akiona ukungu machoni, kesho yake yuko kwa daktari. Mtu wa Njombe anawasha taa. Anania alikuwa anapoteza macho, na kwa muda mrefu hakujua, kwa sababu alizaliwa kwenye ukungu, akakua kwenye ukungu, akajifunza udereva kwenye ukungu. Na alipojua, akanyamaza. Akajifanya ni ukungu ule ule. Mficha maradhi, mnajua wahenga walivyomaliza.

Usiku ule mama hakulala. Tatizo lake lilikuwa moja, na nalisema wazi ili tusipotezane. Angemtoaje mumewe kwenye usukani bila kumtoa kwenye gari? Akimwambia, "Baba Anneth, wewe huoni tena," atakuwa amemvunja. Gari litauzwa, mikutano itakwisha, na mzee atakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akisubiri chakula na kifo. Asipomwambia, kuna msichana wa watu ataingia kiti cha nyuma na shela lake, na matarumbeta yatageuka kilio. Alisali. Alilia kidogo, anasema Anneth. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Alianza kwenda Makambako kila Jumatano. Kwa mumewe aliaga kwamba anapeleka viazi sokoni, na kweli alikuwa anapeleka. Viazi vilikwisha mapema. Baada ya hapo alikwenda kwa mwalimu wa udereva anaitwa Filbert. Kwa nini Makambako? Kwa sababu Njombe asingefika kona ya kwanza kabla habari hazijafika nyumbani.

Filbert yupo, tumezungumza naye. Ni mpole, wa kule Uwemba. Anamkumbuka kana kwamba ni jana. "Aliniambia, mwalimu, sitaki kujua kuendesha magari. Nataka kujua kuendesha gari moja," anasema Filbert. "Nikamwambia, mama, kwangu lipo Korola tu. Akasema litafaa. Alishika usukani kama anakamua ng'ombe. Gari lilizima, akaliomba radhi. Likazima tena, akaliomba radhi. Siku ya tatu nilimwambia, mama, usiliombe radhi, kanyaga mafuta." Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mama yetu aliinama. Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Akaanza kutoka mpaka barabara kuu.

Lakini Makambako si mbali hivyo. Ni mwendo wa Kosta tu, yale mabasi madogo. Na kila Kosta ina macho hamsini na zaidi.

Jirani mmoja, Mama Idda, alimwona Esnath ndani ya gari na mwanaume. Mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili akaja kuazima chekecheo. Chekecheo alikuwa nalo, tunajua. Akamkuta Anania barazani, akamwambia, "Baba Anneth, mimi sipendi maneno." Mtu akianza hivyo, wasikilizaji, kaeni vizuri, maneno yanakuja. Akayasema yote. Gari jeupe, mwanaume wa makamo, wanacheka. Anania akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Asante, mama. Chekecheo liko jikoni."

Jumatano iliyofuata mama akaondoka na magunia yake asubuhi. Anania akangoja. Kisha akatoa Pijo kwenye banda, peke yake, akaelekea Makambako.

Nataka niseme hapa, na mzee mwenyewe amekubali niseme, kwamba alikosea. Mtu asiyeona asiingie barabarani, sababu iwe yoyote. Aliona mbele tu, anasema, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kushoto na kulia hakuna kitu. Alikaa nyuma ya lori la mbao lililokuwa linatambaa, limefungwa kitambaa chekundu, akakifuata kile kitambaa kupita Mtwango, kushuka, kupanda, mpaka Makambako. Watoto na mbuzi wa njia nzima aliwalinda Mungu, si yeye.

Pale njia panda ya Makambako lori likakata kwenda upande wa Mbeya. Kitambaa kikapotea. Anania akasimama. Akasimama katikati kabisa, pale barabara zinapokutana. Semi zikapiga honi. Mabasi yakapiga honi. Makondakta wakatoa matusi ambayo redio hii haiwezi kuyarudia. Wauza machungwa wakaacha ndoo zao wakaja kutazama.

Korola ya Filbert ilikuwa nyuma ya foleni. Mama Esnath alikuwa usukanini. Aliliona lile paa la rangi ya maziwa na moyo ukamshuka mpaka kwenye pedali. Akavuta breki ya mkono, akashuka, akatembea katikati ya malori. Filbert anasema hakukimbia. Alitembea kama anakwenda mimbarani.

Alimkuta mumewe ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, ametulia. Mama alifungua mlango. Watu wote wanaangalia. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Baba Anneth," akasema. "Sogea."

Anania akasogea.

Mama akaingia, akafunga mlango, akakanyaga klachi, akapeleka mkono kushoto kutafuta gia kama alivyofundishwa kwenye Korola. Sasa, Pijo 404 gia yake haiko chini. Iko juu, kwenye shingo ya usukani. Mkono wa mama ukakamata goti la mumewe, akalisukuma mbele kwa nguvu.

"Hiyo siyo gia, Esnath," akasema mzee.

Hakukosea jina. Kwa miaka yote alikuwa akimwita Mama Anneth, kama tunavyoitana sote. Siku hiyo alimwita kwa jina lake, kisha akauchukua mkono wake na kuuweka kwenye gia yenyewe. Pijo ikaruka kidogo, ikazima, ikawaka, ikatoka njia panda. Na kwa kuwa mama alikuwa bado na leseni ya kujifunzia tu, sheria inataka mwalimu awe ndani. Filbert akamwachia Korola dereva mwenzake aliyekuwa pale njia panda, akakimbilia Pijo, akaingia kiti cha nyuma. Yaani mtuhumiwa mwenyewe akapanda, wakaondoka wote watatu kwenda Njombe.

Filbert anasema hajawahi kusafiri safari ndefu kama ile. Alikuwa anasubiri kupigwa. Walipoanza kupandisha mlima kabla ya Mtwango, mzee akageuza kichwa. "Mwalimu," akasema, "umemfundisha kupanda mlima?" Filbert akasema bado. "Basi nyamaza, nimfundishe." Akasikiliza injini, akasema, "Punguza gia. Sasa. Iachie." Na Pijo ikapanda mlima.

Baada ya hapo hapakuwa na siri tena, hata yale maneno ya Mama Idda yakamfikia mama. Walikwenda kwa madaktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho. Walielezwa vizuri kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa dawa. Kilibaki kidogo, halafu nacho kikaenda. Lakini mzee hakukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Alikaa kiti cha kushoto. Mama aliendesha, yeye akasikiliza. Alisikia plagi inayokohoa kabla mama hajahisi kitu.

Mwaka uliofuata wakaenda mkutano wa taifa, Dodoma. Kwa mama ilikuwa mara ya kwanza kuvuka Iringa. Walilala Iringa, wakapita Mtera, joto likawapokea. Uwanjani mwenyekiti wa chama, bwana Aron, akaja na karatasi zake. Akauliza, "Mwenye gari ni nani?" Mzee akasema, "Ni mimi." "Na dereva?" Mama akasema, "Ni mimi." Mwenyekiti akakuna kichwa. Sharti linasema mwenye gari awe usukanini. Kukawa na mashauri. Mmoja akasema sheria ni sheria. Mama akamjibu kwa ile sauti yake ya kwaya, uwanja mzima ukasikia. "Mwanangu, nimemleta mwenye gari. Sikumwacha nyumbani. Ungependa nimpakate?"

Waliruhusiwa. Na si kila mtu alifurahi. Kila mwaka alikuwepo mmoja wa kunung'unika kwamba Pijo ya Njombe inavunja utaratibu. Mama alimpelekea parachichi. Wa mwaka uliofuata naye akampelekea parachichi.

Alipata marafiki nchi nzima. Jioni, nyama zikiwa motoni, watu walimzunguka. "Mama Pijo, tupe ile ya Makambako." Naye hakuhitaji kuombwa mara mbili. Anamwelekezea mzee kidole. "Huyu mnayemwona mpole hivi," anasema, "alitoka Njombe mpaka Makambako, haoni hata mkono wake, kuja kunifumania. Mimi. Bibi mwenye wajukuu. Na mwanaume mwenyewe ni mwalimu wa udereva." Watu wanaanguka kwa kicheko. Akifika kwenye lile goti, hata waliokuwa wanaisikia mara ya tano wanashika mbavu. Mzee Anania anainamisha kichwa, anatabasamu, hasemi kitu. Alisimulia Dodoma. Alisimulia Morogoro. Arusha alisimulia mara mbili kwa siku moja.

Mwaka huu moyo ukaanza kumsumbua. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Hakurudi.

Siku ya mazishi, Kibena ilijaa. Matarumbeta yalikuwepo, na yule mpulizaji wa tarumbeta kubwa alikuwepo, mvi zimemjaa. Magari ya kale yalikuja kutoka mikoani. Foksi, Landrova, Moris moja iliyofika ikitoa moshi kama tanuri la matofali. Bwana Aron alikuja. Pijo iliongoza msafara. Anneth aliendesha, baba yake kushoto. Mzee hakulia mbele ya watu. Alipoulizwa kama angependa kusema chochote, alitikisa kichwa.

Wiki iliyopita tulikwenda nyumbani kwao na kinasa sauti chetu. Mzee alikuwa barazani. Anneth alikaa karibu naye. Tulizungumza vizuri, tukanywa chai. Tukamwomba Anneth atuambie maneno ya mwisho ya mama yake. Akamtazama baba yake. Halafu akasema jambo ambalo, tangu msiba, hakuwa amepata pa kulianzia.

"Siku mbili kabla hajatuacha aliniita kitandani," alisema Anneth. "Akaniambia, lile la Makambako huwa nachekesha watu tu. Moyoni linaniuma. Nilimtoa baba yako usukanini mbele ya makondakta na wauza machungwa. Mwanaume mzima, nikamwambia sogea. Sijawahi kumwomba radhi, kwa sababu nikimwomba nitakuwa namkumbusha. Nikiondoka, umwombe radhi wewe kwa niaba yangu."

Mzee aliuliza, "Alisema hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Kisha akaanza kusema, na sisi tukaacha kinasa sauti kiendelee. Haya ni maneno yake.

"Nilijua anajifunza. Hata kabla Mama Idda hajaja na chekecheo lake, mimi nilikuwa najua. Tukiwa garini, kila nikitaka kubadilisha gia, nilisikia mguu wake pale kushoto unakanyaga bati. Anakanyaga klachi isiyokuwepo. Mtu asiyejua gari hafanyi hivyo. Siku ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Siku ya pili nilitaka kulia kwa furaha.

"Lakini nilikuwa nimesema. Mbele ya majirani nilisema usukani huu hautashikwa na mkono mwingine. Nitamwambiaje, mke wangu, nisaidie, sioni? Nilijaribu mara nyingi. Mdomo haukufunguka. Mama Idda akaja na maneno yake, nikasema, Mungu amenipa njia. Mtu mwenye wivu atakwenda, na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Nilijua nikifika kule sitarudi nikiwa dereva. Nilipopotelewa na lile lori nikasimama pale pale nikangoja. Honi zilipiga, nikasema zipige, atasikia.

"Sikwenda kumfumania. Nilikwenda kumpelekea gari."

Anneth alikuwa analia sasa. Akamuuliza, "Baba, mbona hukumwambia? Miaka yote hiyo?"

Mzee akasema, "Ulimwona alivyokuwa akiisimulia? Mama yako, bibi kizee, anajisifu mbele ya watu wa Arusha kwamba mumewe bado ana wivu. Nikasema, mwache awe nayo. Mimi nilidhani anacheka."

Hapo tulizima kinasa sauti.

Kwa Mzee Anania, kwa Anneth na ndugu zake, kwa wajukuu, kwa kwaya na usharika wa Kibena, kwa wenye magari ya kale nchi nzima, poleni sana kwa msiba. Mungu awatie nguvu, na amlaze Mama Esnath mahali pema.

Na kwetu sisi tuliobaki. Tumemsikia mke aliyenyamaza ili asimuumize mumewe. Tumemsikia mume aliyenyamaza ili asimnyang'anye mkewe kicheko chake. Walipendana, hilo halina ubishi, lakini mmoja amekwenda kaburini anadhani alikosea. Nyumba zetu nyingi ziko hivyo, na mimi nyumba yangu siitoi.

Jumapili baada ya ibada, Anneth atampeleka baba yake makaburini, akamwambie mama aliyotuambia sisi. Ataliambia kaburi. Wewe unayenisikia, wako bado yuko jikoni. Punguza redio, uende.